Nyoka wa kwenye chungu cha asumini

Mimi kazi yangu ni kuuza miche, nasari yangu iko kando ya barabara ya kwenda Mombasa hapa Malindi, ukipita na tuktuk utaiona, ile yenye wavu mweusi juu na makopo ya rangi yaliyopandwa rihani mbele. Sio mtaalamu wa nyoka. Nasema mapema manake najua nikishaandika hii kuna watu wataanza kunitumia picha za kila kitu kirefu walichokikuta bafuni.

Ilivyoanza ni hivi. Baada ya mvua za masika nilipata oda nzuri kutoka Shela ya Lamu, kuna Bi mmoja ana nyumba ya wageni kule, akataka vyungu 60, asumini nyingi, langilangi, na bogenvilia za rangi mbili tatu za kupandisha ukutani. Oda kama hiyo kwetu si mchezo. Nikapakia lori, likapita Garsen, likapita Witu, hadi Mokowe, pale vikashushwa kwenye boti, halafu juu ya punda, na mimi huku nimekaa napiga hesabu ya hela ambazo bado sijazishika. Kesho yake simu ikalia.

"Mwanangu, kitu gani hichi umeniletea?"

Nikadhani labda mche umekauka njiani. Akanitumia picha kwa WhatsApp: sakafu nyeupe, katikati kuna kitu cheusi kinang'aa, chembamba kama kamba ya kiatu iliyokatwa, urefu wake hakifiki shubiri. Nikamjibu kwa adabu zote, Bi, huyo ni mnyoo tu, ukiona minyoo ujue udongo una afya. Akasema maneno ambayo mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu: "Mnyoo hauna ulimi, mwanangu." Kumbe alikuwa ameinama, kavaa miwani yake, kamtazama vizuri, na akauona ulimi unatoka unarudi. Nikanyamaza. Fundi aliyekuwa akipaka chokaa barazani akashuka ngazi akaenda zake, wasichana wa jikoni wakakataa kumwagilia, na jioni Bi akaniambia, bila hata kupandisha sauti, kwamba vyungu vyote 60 vinarudi na nauli ni juu yangu.

Punda, boti, lori, kwenda na kurudi. Sitaki hata kuandika ilikuwa shilingi ngapi.

Viliporudi tukakaa chini na kijana anayenisaidia, tukaanza kumwaga chungu kimoja kimoja juu ya gunia. Katika vyungu 60 tulipata watatu. Watatu tu, na kuwapata ni kazi, manake ukimwaga udongo anazama tena ndani kama maji, unabaki unauliza kama umemwona kweli ama ni macho. Mmoja nikamtia kwenye chupa ya maji nikampeleka kwa jamaa yangu wa upande wa Watamu, kazi yake kushika nyoka, yaani ukipiga simu saa sita usiku kuna swila chooni ndio watu wa aina yake wanakuja na fimbo na ndoo. Akaiinua chupa kwenye mwanga, akacheka mpaka akakaa. Akaniambia huyu ndiye nyoka aliyetembea dunia kuliko nyoka wote, na wewe umemkatia tikiti nyingine.

Nikapewa darasa pale pale. Kitaalamu anaitwa Indotyphlops braminus. Ni nyoka kipofu, macho yake ni vidoti viwili chini ya magamba, anaishi ndani ya udongo, anakula mayai na watoto wa sisimizi na mchwa. Sumu hana, na mdomo wenyewe ni mdogo hawezi kukuuma hata akitaka. Bibi yangu alikuwa akiwaita nyoka wa vichwa viwili na alitukataza kulala chini eti wataingia masikioni, kumbe kile kichwa cha pili ni mkia tu, umefanana na kichwa, na mwisho wake una kijimwiba ambacho ukimshika anakuchoma nacho kidoleni, hakina madhara yoyote lakini ukishtuka utaapa kwa jina la Mungu umeumwa. Asili yake ni Asia ya kusini, na leo yuko kila bara isipokuwa Antaktika, na hakufika huko kwa kutambaa, amefika kwa udongo wa miche. Hata Wazungu jina wanalomwita ni nyoka wa chungu cha maua.

Lakini kilichonikalisha kitako ni kingine. Hawana madume! Wote majike. Anataga mwenyewe bila mume, mayai yanaanguliwa yanatoka majike mengine, nayo yakikua yanataga. Mimi nilikuwa nimejipoza moyo kwamba ni watatu tu kwenye vyungu 60, sasa nikaelewa kwamba kwa nyoka huyu hata mmoja ni ukoo mzima umepanda lori.

Jamaa akanirudishia chupa yangu. Akasema huyu mwenyewe hana neno, ila njia aliyopita ndio ya kuiogopa, nenda kasome habari za Guam.

Nikaenda nikasoma, nililala saa nane usiku na kesho yake nikafungua nasari nimechelewa.

Guam ni kisiwa kidogo huko bahari ya Pasifiki, kiko chini ya Marekani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia jeshi lilikuwa likihamisha mizigo yake kutoka visiwa vya upande wa Papua New Guinea, na ndani ya mizigo akaingia nyoka mmoja wa miti, rangi ya kahawia, Boiga irregularis. Hakuna aliyemwona akishuka. Hiyo ni mwisho wa miaka ya 1940 au mwanzo wa 1950, hakuna anayeijua siku, na mimi hapo ndipo niliposimama kidogo nikafikiria vyungu vyangu, manake na mimi lori lilipoondoka nililiaga kwa mkono. Guam ilikuwa haijawahi kuwa na nyoka wa namna hiyo. Nyoka mwingine wa nchi kavu aliyeko kile kisiwa unajua ni nani? Ni huyu huyu wangu wa kwenye asumini. Basi ndege wa kule walikuwa wanajenga viota na kutaga na kulala bila wasiwasi, hawajui kwamba kuna kitu kinaweza kupanda mti usiku kikawala wakiwa wamelala na mayai yao chini.

Wakaanza kupotea. Sio kwa mwaka mmoja, kwa miaka na miaka, leo msitu huu kimya, baadaye na ule wa pili. Wenyeji wakadhani ni dawa za kuua wadudu, wengine wakasema ni ugonjwa. Mama mmoja mtafiti, Julie Savidge, ndiye aliyekaa akafuatilia mpaka mwaka 1987 akaandika kwamba ni nyoka, na mwanzoni wengi haikuwaingia akilini, nyoka atamalizaje ndege wa kisiwa kizima? Lakini ndivyo. Katika aina 12 za ndege wa asili wa msituni, 10 walitoweka pale kisiwani. Mdiria wa Guam, mzuri ajabu, kichwa cha rangi ya mdalasini na mgongo wa buluu, waliokolewa wachache wakapelekwa kufugwa, wakakaa vizimbani zaidi ya miaka 30, na mwaka 2024 ndio wakaachiwa 9 porini, tena sio Guam, ni kisiwa kingine kabisa kinaitwa Palmyra, manake Guam nyoka bado yupo anawangoja.

Na ndege wakiondoka haiishii hapo. Mbegu za miti hakuna wa kuzibeba. Buibui wakajaa, watafiti walihesabu wakakuta msimu wa mvua Guam ina buibui mara 40 kuliko visiwa jirani, hebu fikiria unakwenda kuokota kuni unapita na fimbo mbele unafagia utando. Halafu stima. Yule nyoka anapanda nguzo, anafika kwenye waya, anaungua yeye na kisiwa kinalala giza. Hata nguzo za visanduku vya viota vya ndege wakazifunga mabomba laini ya bati ili ateleze. Mwaka 2021 watafiti wakaeleza kwamba wamemnasa kwenye kamera anajifunga kitanzi kuzunguka bomba halafu anajisukuma juu pole pole, kitanzi kilekile, kama mgema anayepanda mnazi kwa kamba. Nyoka! Mimi pale nilimwamsha mke wangu nimwonyeshe video, akaniambia nikizima simu atanisamehe.

Sasa wanamdhibiti vipi. Hapa ndipo nilipofurahia kusoma kuliko kote. Mitego wanayo, na nyua maalum za kuzuia asipande, na usiku watu wanatembea na tochi wanawaokota kwenye nyua hizo. Bandarini na uwanja wa ndege wana mbwa, wale wadogo wa Jack Russell, wananusa mizigo inayotoka ili nyoka asipande meli kwenda Hawaii. Lakini dawa yenyewe ni Panadol. Sitanii. Paracetamol miligramu 80, dozi ya mtoto, inamuua nyoka huyo, damu yake inashindwa kubeba hewa. Kile kidonge cha mtu mzima unachonunua dukani cha miligramu 500 kingetosha nyoka 6. Wanachukua kitoto cha panya kilichokufa, wanakitia dawa, wanakifunga kwenye utepe wa karatasi, wanakirusha kutoka helikopta ili utepe unase kwenye matawi juu, kisifike chini wakakila wanyama wengine. Mwaka 2013 walirusha panya 2,000 siku moja juu ya kambi ya jeshi. Na inafanya kazi kwa sababu yule nyoka ana tabia ya kukubali kula mzoga, nyoka wengi hawana tabia hiyo.

Ngoja niseme kitu hapa kabla mtu hajachukua wazo. Usijaribu nyumbani. Hasa nyinyi wa Lamu. Paracetamol inaua paka, hata kidogo tu, na mji wenu ule paka ni wengi kuliko watu barazani, utatega nyoka utaamka na paka wa mtaa mzima wamelala mtaroni na wazee wanakutafuta.

Niliposimulia haya kwa kinyozi, mzee mmoja akatoa ufumbuzi wake: si mfuge nguchiro tu mumalize maneno. Nikamwambia mzee wangu, Wajapani walishafanya. Kuna kisiwa chao kinaitwa Amami Oshima, kina nyoka wa sumu kali anaitwa habu, yule ni wa kwao wa asili, sio mgeni. Mwaka 1979 wakaleta nguchiro kama 30 wakawaachia wamle. Ila hawakufikiria kwamba nguchiro anawinda mchana na habu anatoka usiku. Hawakukutana! Nguchiro akala alichokikuta, na alichokikuta ni sungura weusi wa asili ambao hawako popote duniani ila visiwa vile. Kufika mwaka 2000 nguchiro walikuwa kama 10,000. Ikabidi sasa waanze kumtafuta nguchiro mmoja mmoja kwa mitego na mbwa, na serikali yao ikatangaza wamekwisha mwaka 2024. Miaka 45 mpaka kosa la siku moja likarekebishwa. Mzee akasema basi hao nguchiro walikuwa wavivu, wa kwetu wangeweza. Sikumjibu, nilikuwa na wembe shingoni.

Florida wengi mshaona video zake kwa hiyo sitakaa sana. Ni chatu wa Burma, watu walikuwa wakiwafuga majumbani, akishakuwa mkubwa kuliko kochi wanakwenda kumwachia kwenye vinamasi vya Everglades, na kimbunga cha Andrew mwaka 1992 kilibomoa hata banda la mfugaji. Utafiti uliotoka mwaka 2012 ulionyesha rakuni walioonekana barabarani wamepungua kwa asilimia 99. Wamejaribu kila kitu. Mashindano ya kuwinda, chatu dume wenye redio tumboni wanaachiwa wakawaonyeshe majike walipojificha, walileta hata wawindaji wa kabila la Irula kutoka India mwaka 2017, wazee wale bila mashine yoyote wakakamata chatu 13 ndani ya wiki mbili za mwanzo, na mwaka 2025 wakaweka sungura wa bandia wenye joto la mwili ili chatu ajitokeze. Na bado hawajammaliza, manake chatu akitulia kwenye majani unaweza kusimama mita moja naye usimwone.

Kilichonichekesha huko ni kwamba hata chatu wa Afrika, ndugu wa karibu wa huyu wetu, ameshafika Florida kwa njia ile ile ya wafugaji, akaanza kuzaliana karibu na Miami. Kule yeye ndiye mgeni mharibifu, wanamwinda. Huku ndugu yake akilala kwenye shamba la mahindi anakulia panya buku, yuko kwao.

Lakini habari iliyonigusa kama mtu wa miche ni ya Ibiza, kisiwa cha Hispania. Kile kisiwa nacho hakikuwa na nyoka. Matajiri wakajenga majumba ya likizo, na tajiri hataki kungoja mzeituni ukue, anataka mzeituni wa miaka mia uwe mlangoni leo. Basi ikawa inang'olewa mizeituni mizee bara, na mizizi yake na donge la udongo, inapakiwa melini. Mzeituni mzee umejaa matundu. Ndani ya matundu nyoka wamelala usingizi wa baridi, na mayai. Kuanzia mwaka 2003 wakaanza kuonekana kisiwani, na sasa wamesambaa na wanamla mjusi wa Ibiza, mjusi mzuri wa kijani na buluu ambaye ndio kama nembo ya kisiwa, wanamchora mpaka kwenye fulana. Mahali pengi nyoka alipofika mjusi hayupo tena. Wananchi wamepewa mitego ya mbao yenye panya ndani ya kichumba chake wanaweka mashambani.

Niliposoma hiyo niliweka simu chini. Manake mimi nimeshafanya hivyo hivyo. Kuna mteja mmoja wa villa upande wa Casuarina alitaka mibuyu jangwa mikubwa, ile ya waridi, nikamtafutia, ikaja na madonge yake ya udongo, nikashusha nikapanda nikachukua hela. Sikutazama tundu hata moja. Hakuna aliyeniambia nitazame, lakini pia sikujiuliza.

Mtu wa Malindi au Lamu akiniambia haya ni mambo ya Wazungu na visiwa vya mbali namwonyesha juu ya bati. Kunguru. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja miaka ya 1890 eti ale takataka, akala takataka, akaona haitoshi, akala vifaranga, akala mayai ya ndege wadogo, akapanda pwani yote. Nani anakumbuka mara ya mwisho kuona shore wengi kama zamani pale mjini? Serikali ilitangaza mwaka 2024 inataka kuondoa kunguru milioni 1, na watu walicheka, ila mimi sioni cha kucheka, milioni moja hao walianza na wachache tu walioletwa. Sasa badala ya kunguru weka nyoka anayepanda miti usiku, hapa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke wenye bundi mdogo asiyezidi shubiri na ndege ambao mtu anapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwatazama. Tena bandari mpya ya Lamu inapokea meli tangu Mei 2021. Mimi sipingi bandari, nina ndugu anafanya kazi pale. Lakini siku nikisikia pana mbwa wa kunusa kontena nitapeleka halwa.

Kwa hiyo nikiulizwa jinsi ya kumdhibiti nyoka mgeni, mimi kwa niliyoyasoma naona kazi yote iko kabla hajashuka. Akiwa ndani ya boksi ni wa mtu mmoja mwenye tochi. Akishashuka ni helikopta, na panya wa Panadol, na mamilioni ya dola kila mwaka, na bado yupo.

Na tusije tukageuza hii habari kuwa ruhusa ya kuua nyoka ovyo. Najua vile mambo yanakwenda huku kwetu, mtu anasoma kichwa cha habari tu halafu jioni ukukwi maskini anapigwa mawe juu ya mwembe na watoto 20. Ukukwi ni wa hapa. Koboko ni wa hapa, bafe ni wa hapa, swila ni wa hapa, wana sumu na nawaogopa kama wewe, lakini kazi yao ni panya na ukimaliza nyoka utalima na panya. Ukimkuta ndani ya nyumba, rudi nyuma, usimwondolee macho, piga simu waje wanaojua, pale Watamu kuna shamba la nyoka la Bio-Ken tangu mwaka 1980 na kazi hiyo wanaijua. Makuti ya akiba usiyarundike chini ukutani, yanakuwa hoteli. Usiku tembea na tochi, shambani vaa buti. Na ukiumwa, achana na wembe, achana na jiwe jeusi la kunyonya sumu, achana na kufunga kamba mpaka mguu ugeuke rangi, vua pete na bangili, mguu usichezechezwe, hospitali, mbio. Nimezika mjomba kwa ajili ya jiwe jeusi kwa hiyo hapo sibishani na mtu.

Nasari nimebadilisha mambo. Vyungu havikai tena juu ya ardhi, nimepiga meza za mbao za mikoko, vinakaa juu. Udongo na samadi naanika juani kwenye turubai na tunauchekecha kabla ya kujaza, zamani nilikuwa nachota tu nyuma ya banda. Mche wa kusafiri unatolewa chunguni, donge linatazamwa pande zote, tunalipasua kidogo kwa vidole, ukienda mbali tunaosha mizizi kabisa na kupanda upya kwenye udongo mkavu. Ndio, mingine inakufa. Asumini haipendi kuchokozwa mizizi, nilipoteza minane wiki ya kwanza. Na vipandikizi vya kutoka nje sipokei tena, kuna mama alinijia na matawi ya waridi yamefungwa kwenye nguo ndani ya sanduku, ametoka nayo Uarabuni, udongo wa kule bado unaning'inia, nikamwambia mama yangu, hii ndio KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa serikali, wanataka kibali chake kabla hata hujapanda ndege, akanuna, akaenda kwa jirani yangu, jirani akapokea. Ndio biashara.

Bi wa Shela hakunipigia miezi miwili. Mimi ndiye nilimtafuta, nikamtumia video ya kijana wangu anamwaga vyungu juu ya shuka jeupe, kimoja baada ya kingine, dakika 11 bila kukata. Hakujibu siku hiyo. Kesho yake akaandika: "Shuka la nani hilo unalichafua?" halafu chini yake, vyungu 20, asumini tupu, na fundi wake wa chokaa atasimama Mokowe kuvitazama kabla havijaingia botini. Nikakubali. Fundi anataka alipwe kwa kutazama, hiyo nayo imekuwa juu yangu.

Jana katika kumwaga tukampata mmoja, chungu cha sita. Kijana akanyanyua jembe, nikamwambia muache, hapa Malindi huyu ameshakuwa jirani, jembe moja halitapunguza kitu, nikamchukua na udongo wake nikamtia chini ya mwembe wa nyuma kwenye mchwa. Lori linaondoka Alhamisi alfajiri. Vimebaki vyungu 14.